Jinsi ya kumtembeza mzazi wako ili ubongo wake usizeeke haraka (na nini kinatokea ndani ya seli wakati mnatembea)

Bi mkubwa wangu ana miaka 68, anakaa Tanga, na mwaka juzi alianza ile ya kuingia jikoni anasimama katikati anajiuliza nimefuata nini huku. Mara chumvi kaweka mara mbili, mara mjukuu kaitwa kwa jina la mjomba wake. Tukampeleka hospitali moja akapimwa presha akaambiwa mama huo uzee tu, nenda kapumzike. Yani mtu ambaye toka afunge duka lake la vitenge kazi yake ni kochi na tamthilia za Kituruki ndo anaambiwa akapumzike zaidi, nilikasirika aisee. Mi sio daktari, nimesomea maabara, kwa hiyo seli na protini hazinitishi, nikawa nasoma usiku watu wakishalala na nikakuta kumbe kuna utaratibu kabisa wa kutembea uliopimwa kwa watu wa umri wake, dakika ngapi, mara ngapi kwa wiki, moyo uende kasi gani. Ndo huo naandika hapa, pamoja na kinachotokea kichwani, maana mzee ukimwambia tu mama tembea ni afya hatembei, anakuitikia ndio mwanangu na kesho yake yuko kwenye kochi. Ukimwelezea kwa nini, anabishana kwanza, halafu anavaa raba.

Kitu cha kushika kabla ya yote ni hiki. Anayepiga tizi ni msuli, sio ubongo. Msuli ukifanya kazi unamwaga vitu kwenye damu, na ini nalo linamwaga vyake, damu inavibeba, ubongo unapokea huko juu. Sasa vitu vyenyewe ni kama bando la siku, ukijiunga leo kesho limeisha, huwezi kujiunga Jumamosi ukategemea likufikishe mwisho wa mwezi. Ndo maana wale wa joging ya mara moja kwa mwezi wenye tisheti mpya wanajichosha tu (mnisamehe, najua mpo).

Kabla hujamtoa nje

Usahaulifu sio wote ni wa uzee na sio wote unatibika kwa kutembea. Kuna vitu vya kawaida kabisa vinamfanya mtu asahau na vina dawa yake: upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo kufanya kazi chini ya kiwango, sonona, dawa za usingizi, hata kutosikia vizuri, mtu anaonekana amesahau kumbe hakusikia toka mwanzo. Kama mzee anatumia metformini ya sukari kwa miaka mingi omba wampime B12 maana ile dawa inaweza kuishusha. Presha ijulikane, sukari ijulikane, na kama ana historia ya moyo au anapata maumivu ya kifua akipanda ngazi, basi daktari aseme kwanza ndo mguu utoke nje. Hii msiruke.

Na kama kuharibika kwenyewe kumekuja ghafla, jana alikuwa mzima leo hajui aliko au mdomo umepinda au mkono umelegea, hapo usisome maelezo ya mtu, kimbia hospitali, hicho kinaweza kuwa kiharusi na kila dakika inaua seli.

Ubongo unaozeeka unakosa nini hasa

Ubongo ni asilimia 2 hivi ya uzito wa mwili lakini unakula karibu asilimia 20 ya nishati yote. Ni kama friji kwenye nyumba, dogo tu lakini ndo linalomaliza luku. Una seli za neva kama bilioni 86, na watu wengi wanadhani kuzeeka ni hizo seli kufa moja moja mpaka ziishe. Sivyo hasa. Katika uzee wa kawaida seli nyingi bado zipo, kinachopungua zaidi ni matawi yake na zile sehemu zinapogusana kupeana taarifa, yani sinapsi. Zinapungua, zinanyauka, kama mti ambao shina liko imara ila majani yamepukutika.

Pamoja na hilo vinatokea vingine kwa wakati mmoja. Mishipa midogo kabisa ya damu inapungua, chakula na oksijeni vinafika kwa shida. Mitokondria, zile mashine za kutengeneza nishati ndani ya seli, zinachoka na kuanza kutoa moshi mwingi kuliko umeme. Halafu kuna maikroglia, hawa ni askari na wafagizi wa ubongo, ujanani wanatulia wanafagia taka, uzeeni wanakuwa na hasira za bure, wanachochea uvimbe wa chini chini usiouma lakini unaoharibu majirani.

Sehemu inayoumia mapema ni hipokampasi, vipande viwili, kimoja kila upande kwa ndani usawa wa masikio, umbo lake kama yule farasi wa baharini. Ndo inayoandika kumbukumbu mpya, umeweka wapi funguo, umefuata nini jikoni. Kwa wazee ambao hawana hata dementia (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri) inasinyaa kama asilimia 1 mpaka 2 kila mwaka. Ila, na hapa ndo nilipokaa sawa kwenye kiti, hipokampasi hiyo hiyo inayowahi kusinyaa ndo moja ya sehemu zinazoitikia mazoezi kuliko nyingine zote.

Utaratibu wenyewe, wiki 7 za kupanda

Mwaka 2011 Kirk Erickson, Arthur Kramer na wenzao huko Marekani walitoa utafiti wa wazee 120 ambao walikuwa hawafanyi mazoezi. Wakawagawa, nusu watembee kwa kasi, nusu wanyooshe viungo tu, mwaka mzima, siku 3 kwa wiki, na wakawapiga picha za ubongo za MRI. Waliotembea hipokampasi yao ilikua kwa kama asilimia 2. Walionyoosha tu ikasinyaa kama asilimia 1.4, yani ratiba ya uzee iliendelea kama kawaida. Na wale ambao hipokampasi iliongezeka zaidi ndo hao hao ambao protini moja inaitwa BDNF iliongezeka zaidi kwenye damu. Hiyo BDNF tutaifikia.

Kilichonifurahisha ni jinsi walivyoanza. Dakika 10 tu. Wiki ya kwanza dakika 10, ya pili 15, ya tatu 20, hivyo hivyo unaongeza 5 kila wiki mpaka wiki ya 7 unafika 40, halafu unabaki hapo hapo kwenye 40. Mwanzo na mwisho dakika kama 5 za kunyoosha viungo. Basi. Hakuna kupanda mlima Kilimanjaro.

Kwa hiyo na mimi nikafanya hivyo hivyo. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, saa 12 na nusu asubuhi, maana Tanga ikifika saa 3 unyevu na jua vinakupiga pamoja na mzee anakata tamaa sio kwa sababu ya mguu bali kwa sababu ya joto. Tunaelekea njia ya Raskazone, bahari iko pembeni, kuna upepo. Wiki ya kwanza dakika 10 aliziona za dharau, akasema sasa mwanangu umeniamsha alfajiri yote kwa ajili ya hii? Nikamwambia ndio mama, na leo tunarudi. Usimwongezee hata kama anataka. Magoti na kano vinazoea taratibu kuliko moyo, na akiumia wiki ya pili ndo umempoteza.

Kasi sasa. Hapa watu wengi wanakosea wanatembea kama wanaenda kumsalimia jirani, wanasimama kila baada ya nyumba tatu shikamoo marahaba za nyumbani. Kutembea huko ni kuzuri ila moyo haujui kama kuna kitu kinaendelea. Kipimo rahisi kabisa: awe anaweza kuongea lakini hawezi kuimba. Akiimba kaswida mpaka mwisho, ongezeni mwendo. Akishindwa kumaliza sentensi, punguzeni.

Ukitaka namba ziko hivi. Chukua 220 toa umri, hapo unapata kikomo cha mapigo ya moyo kwa kukadiria. Mpime mapigo asubuhi akiwa ametulia, toa hayo kwenye kikomo, unapata akiba. Tuseme mtu ana miaka 65, kikomo ni 155, akitulia mapigo ni 75, akiba ni 80. Wiki 7 za kwanza wale wa utafiti walitembea kwenye asilimia 50 mpaka 60 ya akiba, kwa mtu wetu ni 40 mpaka 48, rudishia zile 75, ina maana moyo upige 115 mpaka 123 kwa dakika. Baada ya hapo wakapanda kwenye asilimia 60 mpaka 75, yani 123 mpaka 135. Unapima kwa vidole viwili kwenye mkono chini ya dole gumba, sekunde 15, zidisha kwa 4. Saa janja inasaidia lakini sio lazima.

ANGALIZO kubwa: kama mzee anatumia dawa za presha za kundi la atenololi, bisoprololi, propranololi, hizo zinazuia moyo usikimbie, kwa hiyo hizo namba zitupe kabisa tumia kile kipimo cha kuongea na kuimba. Mi nilihangaika wiki nzima nadhani bi mkubwa anatega, kumbe ni dawa.

Na akipata maumivu ya kifua, kizunguzungu, jasho la baridi au pumzi imekata ghafla, simameni hapo hapo, akae, tafuta bajaji mwende hospitali. Usimwambie jikaze mama tumekaribia.

Kinachoendelea ndani wakati mnatembea

Dakika za kwanza moyo unaongeza kasi, damu inaanza kwenda kwa nguvu zaidi, mishipa inatanuka. Ukuta wa ndani wa mishipa una seli zake, zikisuguliwa na damu inayopita haraka zinatoa naitriki oksaidi inayolegeza mshipa. Ukifanya hivyo mara kwa mara mishipa inabaki laini, na mishipa laini ndo usalama wa ile mishipa midogo ya ubongo. Hii peke yake ingetosha kuamka saa 12.

Mkikaza mwendo msuli unaanza kutoa laktati. Sisi shuleni tulifundishwa hiyo ni uchafu unaoleta maumivu ya misuli, kumbe ubongo unaipenda, unaila kama mafuta, na pia unaisoma kama ujumbe. Watafiti wa Norway mwaka 2017 walionyesha kwa panya kwamba laktati inashika kipokezi fulani (kama funguo kwenye kufuli) kwenye mishipa ya ubongo na kuagiza mishipa mipya midogo iote. Wakawachoma laktati panya ambao hawajakimbia, mishipa ikaongezeka vile vile, wakachukua panya waliozaliwa bila kile kipokezi wakawakimbiza, hamna kitu. Hapo nikaelewa kwa nini lazima kasi iwepo, mkitembea kwa madaha msuli hautoi laktati ya maana.

Sasa BDNF. Iligunduliwa mwaka 1982 na Yves-Alain Barde na Hans Thoenen, waliitoa kwenye ubongo wa nguruwe, kidogo kidogo kama mtu anayetafuta sindano kwenye majani. Kazi yake ukiifananisha ni mbolea. Inashika kipokezi juu ya seli ya neva, na ndani ya seli zinaanza amri nyingi: usife, otesha matawi, imarisha sinapsi inayotumika. Mwaka 1995 maabara ya Carl Cotman huko California iliwapa panya gurudumu la kukimbilia, usiku kadhaa tu, wakakuta BDNF imepanda ndani ya hipokampasi. Walitegemea kama itapanda basi iwe kwenye sehemu zinazoendesha miguu, kumbe mbolea ilienda mpaka shamba la kumbukumbu. Kwa binadamu BDNF ya kwenye damu inapanda ukifanya mazoezi na inarudi chini muda mfupi baada ya kumaliza. Si unaona habari ya bando sasa.

Na nani anaiamuru ipande? Hapo ndo msuli unaingia. Mwaka 2012 maabara ya Bruce Spiegelman, Harvard, ilitangaza homoni inayotoka kwenye msuli wakaiita irisini, kwa jina la Iris, mjumbe wa miungu ya Wagiriki wa kale. Mwaka uliofuata wakaonyesha kwa panya kwamba njia hiyo hiyo inawasha BDNF kwenye hipokampasi. Kuna na protini nyingine ya msuli, kathepsini B, mwaka 2016 timu ya Henriette van Praag ikakuta inapanda kwa panya, kwa nyani na kwa watu waliokimbia kwenye mashine miezi kadhaa.

Ila inayonichekesha ni ya ini. Mwaka 2020 Saul Villeda na wenzake San Francisco walichukua damu, ile sehemu yake ya maji, ya panya wazee waliokuwa wanakimbia, wakawatilia panya wazee wavivu waliokaa tu. Wale wavivu wakaanza kufanya vizuri kwenye mitihani ya kumbukumbu na seli mpya zikaota kwenye hipokampasi, bila kuinua mguu! Wakafuatilia wakakuta kimeng'enya kinachotoka kwenye ini, kinaitwa GPLD1, na wakacheki kwa wazee binadamu wakaona wanaotembea sana kinakuwa kingi kwenye damu kuliko wanaokaa. Nilipomsimulia bi mkubwa akaniuliza kwa hiyo we ukikimbia mimi nitiwe damu yako? Nikamwambia mama hiyo bado ni ya panya, vaa viatu.

Habari ya seli mpya nayo tuwe wakweli. Kwa panya haina ubishi, van Praag na Fred Gage mwaka 1999 waliona panya wenye gurudumu wanapata seli mpya za neva nyingi zaidi, na mwaka 2005 wakaona hata panya wazee wakikimbia uotaji wa seli unarudi mpaka karibu nusu ya ule wa vijana. Kwa binadamu wanasayansi bado wanavutana, mwaka 2018 timu moja ilisema baada ya utoto hazionekani tena, timu nyingine mwaka huo huo ikasema zipo mpaka uzeeni. Wewe hilo lisikusumbue, maana hata ukiziweka pembeni seli mpya, kuna matawi, sinapsi, mishipa, mitokondria (panya waliokimbizwa wiki 8 ziliongezeka mpaka kwenye ubongo) na wale maikroglia ambao mazoezi yanawatuliza hasira. Faida hazisimami kwenye mguu mmoja.

Ongeza uzito kidogo

Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wa 2020 linasema dakika 150 mpaka 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, mazoezi ya nguvu siku 2 au zaidi, na kwa waliovuka 65 mazoezi ya kusawazisha mwili ili wasianguke siku 3 au zaidi. Ukipiga hesabu 40 mara 3 ni 120, bado kuna pengo, tunaliziba kwa kwenda sokoni kwa miguu na kumwagilia bustani.

Ya nguvu sio lazima jimu. Kukaa na kusimama kwenye kiti cha plastiki bila kushika, mara 8 mpaka 10, pumzika, rudia (kiti kiegemee ukutani, vile vya plastiki vinateleza). Kusukuma ukuta. Kuinua chupa za maji za lita moja na nusu, kila moja ni kilo moja na nusu, zikiwa nyepesi jaza mchanga. Kusimama mguu mmoja huku mkono uko karibu na meza, sekunde 10, badilisha. Utafiti wa Vancouver wa 2010, wa Teresa Liu-Ambrose, uliwachukua wanawake wa miaka 65 mpaka 75 wakainua vyuma mara moja au mbili kwa wiki mwaka mzima, na wakawa bora kwenye uwezo wa kuchuja mambo na kutobabaika kuliko wenzao waliofanya ya kunyoosha na kusimama vizuri tu.

Usimtembeze kama ng'ombe wa kwenda mnadani

Hii wengi hawaijui. Kwa panya, kukimbia kunaleta seli changa nyingi, lakini seli changa isipopewa kazi inakufa ndani ya wiki chache. Panya wakiwekwa kwenye banda lenye vitu vipya, njia mpya, wenzao, nyingi zaidi zinabaki hai. Kwa hiyo miguu inaleta wafanyakazi, na akili inawaajiri.

Mi nilichofanya, kila wiki ya pili tunabadilisha njia, na yeye ndo anaongoza kurudi, mi nanyamaza hata akikosea kona. Tukitembea namuuliza vitu, nani alikuwa anakaa nyumba hii zamani, mwaka gani reli ilikuwa na abiria, anasimulia huku anahema. Jumapili badala ya kutembea ni zilipendwa, anaweka muziki wa dansi sebuleni na wajukuu wanajifunza hatua kwake. Dansi sio mchezo, inataka ukumbuke hatua, usikie mdundo, usianguke, yote kwa pamoja. Kuna wazee wa Bronx, New York, 469, wote zaidi ya miaka 75, walifuatiliwa miaka, matokeo yakatoka 2003, na katika mazoezi yote ya mwili waliyoulizwa, kucheza dansi ndo kulikoonekana kwenda pamoja na kupungua kwa hatari ya dementia.

Mazoezi ya mwili na kutumia kichwa kwa pamoja nahisi ndo asili yetu. Wahadzabe wa kule Ziwa Eyasi walivalishwa vifaa vya kupima moyo na watafiti, ikaonekana wanapata zaidi ya saa nzima ya mwendo wa nguvu kila siku, na bibi zao bado wanachimba mizizi porini. Ukichimba mizizi unatembea, unakumbuka ulipoiona, unaangalia nyoka. Hakuna kochi.

Maswali niliyoulizwa na mashangazi

Lazima hatua 10,000? Hapana, hiyo namba ilitoka Japani miaka ya 1960 kwenye jina la kifaa cha kuhesabu hatua, ni biashara ilianza. Utafiti wa watu 78,430 wa Uingereza uliotoka 2022 ulionyesha hata hatua 3,800 kwa siku zinaendana na hatari ndogo ya dementia kwa kama asilimia 25, na faida inaendelea kupanda mpaka kwenye 9,800 hivi. Ni uhusiano tu huo, haithibitishi kwamba hatua ndo zilizozuia, ila mzee anayefikisha 4,000 usimwambie hajafanya kitu.

Mzee ambaye tayari ana dementia je? Hapa nawaambia ukweli hata kama unauma. Uingereza walifanya majaribio kwa wagonjwa karibu 500 wenye dementia, mazoezi makali ya miezi kadhaa, matokeo 2018, mwili ulipata nguvu lakini kupotea kwa akili hakukupungua kasi. Kwa hiyo atembee kwa ajili ya usingizi, misuli na furaha, ila usimuuzie mtu matumaini, na usimkimbize. Haya mambo yanataka yaanze mapema, miaka ya 40 na 50, yani wewe unayesoma sasa hivi umeegemea mto.

Mwezi wa Ramadhani tunahamia nusu saa kabla ya futari, mwendo wa chini, au baada ya tarawehe. Na baada ya kutembea usimwache akae masaa 9 mfululizo, kila saa anyanyuke hata akafungue geti.

Mkikatika

Mtakatika tu. Msiba, mvua za masika, homa, mjukuu anaumwa. Mwaka 2016 watafiti wa Maryland waliwaomba wanariadha wakongwe 12 wa miaka 50 mpaka 80 waache mazoezi siku 10 tu, wakapima, damu inayokwenda kwenye hipokampasi ikawa imepungua pande zote mbili. Watu wenye miaka ya kukimbia mgongoni! Siku 10. Ukisoma utafiti huo unaelewa kwa nini sikubali "tutaanza tena mwezi ujao".

Kwa hiyo sheria yetu nyumbani ni kwamba siku ikishindikana kabisa kutoka, zinapigwa dakika 10 za kiti na korido, hata mvua inyeshe vipi. Na tukikatika wiki mbili au zaidi haturudi kwenye 40, tunashuka mpaka 20 tunapanda tena 5 kila wiki. Mwezi wa nne alipata malaria, akakaa karibu wiki tatu, siku ya kurudi alitaka twende mpaka mwisho wa njia kama kawaida, nikakataa tukageuzia kwenye mwembe wa kwanza. Alinuna mpaka nyumbani. Ila alipoingia jikoni akatoka na sufuria mkononi, akanionyesha, akasema nilifuata hii.